Taa za Ukungu za Kaka Yako

Shemeji yangu,

Huku tunapumua. Zile taa za ukungu ulizomtumia kaka yako zilifika bila mkwaruzo. Fundi umeme alizifunga chini kwenye bampa, akaziinamisha zimulike barabara na si macho ya watu, zikawa na swichi na fyuzi zake. Mkaguzi wa magari alitafuta kosa mpaka akachoka, akazipitisha. Kaka yako alitamba mtaa mzima utadhani bwana harusi.

Kesho yake tukatoka kuzijaribu. Jua lilikuwa kali, mbingu haina hata wingu. Akaziwasha, akapunguza mwendo, akaniuliza, "Mama watoto, mbona ukungu haupungui?"

Nilimwomba asimamishe gari pale pale.

Daktari anasema mishipa ya macho imekufa, hakuna dawa wala upasuaji. Kwa hiyo usihangaike na zile za mwanga mkali zaidi alizokuomba kwenye simu.

Kila asubuhi namshika mkono, anaingia kwenye gari, anabonyeza swichi, ananiuliza kama zinawaka. Namjibu zinawaka, tena vizuri.

Betri ilishakufa zamani, shemeji.

Ni mimi,
mke wa kaka yako