Kabla Mfupa Haujaisha

Endabash, 3 Juni 2001

Mwanangu Scholastika,

Habari za Ngorongoro na baridi yake? Mimi mzima, ila nyonga ya bandia imenirudishia maumivu. Jana nilikwenda kwa daktari aliyeniwekea mwaka 1996. Alipiga picha, akanionyesha: plastiki imesagika mapema, na vumbi lake linafanya mfupa ulike pembeni ya chuma. Nikamwuliza, "Ni kwa sababu ya kulima?"

"Hapana, mzee Patrisi. Tulitegemea idumu miaka kumi na tano. Turudie upasuaji sasa, mfupa ungalipo."

Anataka niende na mtu wa kuniuguza. Tangu mama yako atutoke nina wewe tu. Utakuja lini?

Baba yako

Ngorongoro, 20 Juni 2001

Baba mpendwa, shikamoo.

Nimeumia kusikia hayo. Lakini huku loji ya watalii ninakofanya kazi ndio msimu wa wageni, na meneja amesema anayeondoka sasa asirudi. Novemba nina likizo, tutakwenda pamoja. Vumilia, baba. Usibebe kitu kizito.

Binti yako

Ngorongoro, 2 Septemba 2001

Baba, shikamoo.

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Unaendeleaje? Niandikie hata mstari mmoja.

Binti yako

Endabash, 14 Oktoba 2001

Scholastika,

Salamu. Mwezi wa saba nilikuwa nainuka kitandani, paja likavunjika. Sikuanguka, nilisimama tu. Jirani yetu Felisiani akanifikisha hospitali. Daktari alikuta mfupa umekuwa mwembamba kama ganda la yai. Nyonga mpya haikuwa na pa kushika. Wakatoa chuma, wakaniacha bila kiungo. Mguu umekuwa mfupi, natembea kwa magongo mawili. Shamba analima Felisiani.

Alitaka kukuandikia, nikamkataza. Nilikuwa na hasira, mwanangu, sikufichi. Wodini niliwatazama mabinti wa wenzangu wakiwanywesha baba zao uji, nikageukia ukutani.

Jumapili iliyopita nilifika kanisani. Padre aliposema tutakiane amani, nikakukumbuka, nikashindwa kumpa mtu mkono.

Baba yako

Ngorongoro, 19 Oktoba 2001

Baba yangu, shikamoo.

Barua yako nimeisomea jikoni, nimesimama. Meneja akauliza kuna nini, nikamwambia, "Baba yangu alinihitaji Juni." Nimevua sare, nimeaga.

Dereva wa loji anatangulia na karatasi hii, gari lake limejaa wageni, mimi nitafika kesho. Sikuombi msamaha humu. Nataka unitazame usoni nitakapouomba, na ukikataa, nitakaa hapo hapo nikupikie.

Binti yako