Siku Tulipoazima Makochi

Bibi Fundi, shikamoo.

Naanza na shikamoo kwa sababu najua usingenisikiliza kabla ya kuipata. Mtu alikuwa akiingia kibandani na shida zake bila salamu, wewe unanyamaza tu, mkasi mkononi, mpaka ajishtukie mwenyewe. Basi nimekuamkia. Niitikie huko uliko, halafu unisikilize, maana kuna jambo limenishinda tangu asubuhi.

Jambo lenyewe ni karatasi. Imetoka ofisi ya ustawi wa jamii, Korogwe. Wanataka kufunga faili lako, lile la kuomba upelekwe kwenye makazi ya wazee ya serikali, na ili lifungwe lazima mtu athibitishe kwamba mwombaji amefariki. Nimejaza jina lako, Anastazia, na la baba yako. Nimejaza kata ya Makuyuni, nimejaza tarehe. Kisha kuna mstari umeandikwa "Uhusiano na marehemu". Hapo nimekwama. Nimeshona sketi mbili za shule, nimepika, nimerudi, mstari bado mtupu. Nikaona heri nikuandikie wewe kwanza.

Habari za huku ni hizi. Mvua zimekatika. Ukuta wa nyumba yako, ule wa upande wa choo, umeanza kumegeka, na kuku wa Mama Dismas wamegeuza chumba chako mahali pa kutagia. Cherehani ipo kibandani, inafanya kazi. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja kutoka Kerenge na gauni ulilomshonea siku anaolewa, anataka liongezwe kiunoni. Akauliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi?" Nilipomwambia, alikaa chini pale pale kwenye vipande vya vitambaa. Gauni nimelifumua. Mshono wako ulinitoa jasho, Bibi, hata kuufumua ni kazi.

Mimi nilikuja hapa kutoka Kwedizinga nikiwa mke wa mtu, sijui kutunga hata uzi. Ulinikuta nimekaa barazani kwa mama mkwe nimenuna, ukasema, "Wewe Mzigua, njoo unishikie kitambaa." Nilikishika miaka kumi na sita. Kola ya kwanza ulinifumulisha mara nne, na ya tano ukaivaa wewe mwenyewe kichwani kama taji, ukazunguka nayo kibandani mpaka wateja wakashika mbavu. Nilikuchukia siku ile, Mungu anisamehe.

Hukuwa na mtu. Tulilijua hilo bila kulisema. Wazazi wako waliletwa na kazi ya mkonge kutoka huko kusini, wakafia kambini, na hata kijiji walichotoka hukuwahi kukijua. Mume alikuacha kwa sababu hukuzaa. Lakini nani alikuwa anakuona mpweke? Nusu ya watoto wa hapa uliwashonea nguo zao za kwanza. Macho yalipoanza kufifia ukanipa cherehani, ukasema unanikopesha tu, utakuja kuichukua ukipona.

Kisha ukaanguka bombani, nyonga ikavunjika. Hospitali wakasema umri umekwenda, mfupa hautaunga vizuri, urudishwe nyumbani utunzwe. Nyumbani kwa nani? Hilo hawakuliuliza. Tukagawana sisi majirani. Asubuhi mimi, mchana Mama Dismas, jioni yeyote mwenye nafasi. Ulikuwa mkubwa wa mwili, kukugeuza kunataka watu wawili, na mimi mgongo wangu unaujua. Tulijitahidi. Halafu ukaja msimu wa palizi.

Lazima niiseme siku ile ya siafu, sijawahi kukuomba radhi kwa sauti. Kila mmoja alidhani mwenzake amebaki. Wote tulikuwa shambani. Nilirudi saa saba nikakukuta sauti imekauka kwa kuita, na miguu yako, ile usiyoweza kuivuta, imefunikwa na siafu mpaka magotini. Nilikuwa nawabandua mmoja mmoja nikipiga kelele kama mwehu. Wewe ukasema tu, "Hawakufika usoni." Ulikuwa unanifariji mimi.

Wiki ile ile nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Akanieleza kuhusu makazi ya wazee. Serikali inalisha, inavisha, kuna muuguzi, kuna kitanda cha chuma, na hulipi chochote. Masharti yake: mzee awe hajiwezi, hana ndugu wa kumtunza, hana mali wala kipato. Nikasema huyo ni Bibi Fundi kabisa, kama walikupima na futi. Mwenyekiti akaandika barua, na wewe ukakubali. Ulisema, "Nipelekeni. Nikilala kitanda cha chuma siafu watateleza." Tukaambiwa afisa atakuja kukuona kwa macho yake.

Hapo ndipo tulipoharibu. Nikilala nawaza hilo, nikishona nawaza hilo.

Uliponiuliza, "Mgeni wa serikali atakaa wapi?" ningejibu kwamba atakaa kwenye ndoo, kama sisi sote tunavyokaa. Badala yake nikaona aibu. Nikamfuata Mama Dismas, akatoa makochi yake yote mawili na vitambaa vyake vyeupe. Nikaleta chupa yangu ya chai na vikombe vya maua. Mwingine akaleta meza, mwingine mkeka mpya, mwingine pazia la sebuleni kwake, tukaficha ule ukuta uliokuwa mweusi kwa moshi. Mume wangu, Baba Zuhura, akachinja jogoo. Tukakuogesha, tukakuvalisha gauni la kanisani, mashuka nikatoa yangu ya harusi. Na wewe ukasema bado kuna kitu kimepungua. "Leteni cherehani yangu. Asije akadhani nilikuwa mtu wa kukaa tu." Baba Zuhura akaibeba kwa baiskeli, tukaiweka miguuni pa kitanda, na kile kitambaa chake ulichokidarizi.

Nyumba ikapendeza, Bibi. Nakumbuka nilisimama mlangoni nikasema, kweli mtu akija hapa ataona tunamheshimu huyu mama.

Akaja binti mmoja mpole, viatu vimejaa vumbi. Akakuamkia vizuri. Akala, akaongezwa. Kisha akatoa kalamu akakuuliza unajipatiaje riziki. Ulikuwa hujatunga uzi kwenye sindano miaka mingi, lakini ulijiinua kwenye mto ukajibu, "Mimi ni fundi. Nashona." Mimi nimesimama na sinia mkononi, badala ya kusahihisha, kifua kikanijaa kwa fahari. Akauliza, "Na hawa?" Ukasema, "Hawa ni wanangu. Huyu ndiye mkubwa," ukaninyooshea kidole. Nikasema ndiyo, huyu ni mama yetu. Mwenyekiti naye, aliyeandika kwa mkono wake kwamba huna mtu, akaitikia kwa kichwa huku paja la jogoo liko mdomoni.

Ungetaka tusemeje? Umelala pale unasikia. Nani angefungua kinywa mbele ya mgeni aseme huyu hana mtu?

Alipoondoka tulipongezana. Mama Dismas akasema nafasi tumeipata, umeona binti alivyofurahi?

Jibu lilikuja kupitia kwa mtendaji wa kijiji. Nimelisoma mara nyingi, nalijua kwa moyo. Mwombaji ana makazi yenye samani, ana chombo cha kujipatia kipato, na ana watoto wanaomtunza vizuri. Hajakidhi vigezo.

Nikapanda gari kwenda Korogwe nikiwa nimejiandaa kugombana. Yule binti hakugombana na mimi. Akasema, "Mama, mimi naandika ninachokiona." Nikamwambia makochi yale ni ya kuazima. Akaandika. Pazia la kuazima. Akaandika. Cherehani nimerudi nayo kibandani. Akaniangalia, akauliza, "Na jogoo?" Nikasema wangu. Akacheka, mimi nikacheka. Akasema maombi yanaweza kurudiwa, ila safari hii majirani watie saini kwamba huna mtoto, huna ndugu, huna mtunzaji. Na mimi, kwa kuwa nilitajwa kuwa mtoto, nieleze kwa maandishi uhusiano wetu hasa ni upi.

Niliandika "jirani". Nilifikiri ni neno tu la kukupatia kitanda.

Lakini wewe hukukubali karatasi yenye jina lako ipite bila kusomewa. Nikakaa kwenye ndoo nikakusomea. Hana mtoto. Hana ndugu. Hana mtunzaji. Uhusiano wa mtoa maelezo na mwombaji: jirani. Ukaomba maji. Ukanywa taratibu, ukanirudishia kikombe. Ukauliza, "Hilo la mwisho umeandika wewe?" Nikasema ndiyo. Ukasema, "Mwandiko wako bado mbaya."

Kuanzia siku ile ukaanza kuniita jirani. "Jirani, nigeuze." "Jirani, uji umepoa." Ulikuwa unatania, nilijua unatania, ulikuwa unacheka na meno yako matatu. Nilikuwa nacheka na wewe, kisha natoka nje nakwenda kulia nyuma ya choo. Ungeniita mwanangu mara moja tu, Bibi. Mara moja. Au labda ulikuwa unaogopa mtu atasikia na kuharibu maombi, maana mlango wako haukufungika. Sijui. Nilikuwa na miezi mitatu ya kukuuliza na sikukuuliza.

Safari hii ulikidhi vigezo. Tatizo likawa nafasi. Makazi yamejaa, subirini. Nikawa naenda Korogwe kila siku ya gulio nakaa kwenye benchi. Vidonda vya mgongoni vikawa vinanuka hata tukikuosha na maji ya chumvi, na wewe ukawa unaomba udi uchomwe ili wanaokuja kukuona wasipate tabu. Nilikuwa nakuosha nimezuia pumzi. Nakiri. Kuna siku niliomba Mungu akuchukue, na sijui kama nilikuombea wewe au nilijiombea mimi.

Asubuhi ya mwisho uliniambia, "Nenda salama, jirani." Nilikuwa kwenye lile benchi, nimeambiwa faili liko mezani, Mama Dismas aliponipigia simu. Niliinuka nikarudi. Sikumwambia mtu yeyote pale ofisini, nilishindwa hata kuaga.

Msibani makochi yalitolewa tena, yale yale na vitambaa vyake, wakakalia wazee wa kanisa. Watu walijaa mpaka barabarani. Mzee wa kanisa alipotafuta historia ya marehemu ya kusoma, mwenyekiti akampa nakala ya fomu, kwa kuwa hapakuwa na karatasi nyingine yenye maisha yako. Akaisoma vile ilivyo, mbele ya jeneza. Hana mtoto. Hana ndugu. Watu waligeuka wakaniangalia mimi. Nilikuwa nimesimama na wanawake, ushungi nimeuuma kwa meno. Nilitaka kusema neno. Mkono wangu ndio ulioandika, ningesema nini? Udongo wa kwanza alitupa mwenyekiti.

Sasa hii karatasi ya leo. Yule binti ni mtaratibu, ataiweka juu ya ile ya kwanza na kulinganisha. Nikiandika jirani, faili litafungwa vizuri, hakuna atakayeuliza. Nikiandika kingine, itaonekana nilidanganya serikali, na labda watanifuata, na labda mzee mwingine wa hapa akiomba hawatatuamini. Nimeliwaza hilo pia.

Ila hakuna kitanda ninachokiombea tena, Bibi. Hakuna nafasi ya kukuharibia.

Nikuage basi, kuna mteja anakuja jioni. Kaburi lako nitalipalilia kila mvua zikikatika, mimi Mwislamu na jembe langu katikati ya misalaba, wanaotaka kushangaa washangae. Cherehani haitatoka mikononi mwangu mpaka binti yangu Zuhura aijue, na kola yake ya kwanza nitamfumulisha mara nne. Na Mungu akikujaalia kuitwa mbele za watu huko uliko, ukaulizwa uliacha nani, usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi. Nitaje.

Mstari nimeshaujaza. Nimeandika "mtoto". Mwandiko bado mbaya, lakini unasomeka.

Mwanao mkubwa,
Mwanahamisi