Kitako cha Mninga cha Oom Kobus

Jumamosi, 22 Aprili 2017
Oom Kobus kafika karakanani saa mbili asubuhi, kama Jumamosi mbili zilizopita. Oom ni mjomba kwa Kiafrikana, lugha yao, na kila mtu anamwita hivyo. Kakaa juu ya ndoo ya rangi, kahawa mkononi, macho kwenye bunduki yake. Lazima akae. Leseni ni yake, haruhusiwi kuniachia hata nusu saa. Kwa hiyo mimi nachonga, yeye analinda. Miaka sita nimekuwa mlinzi wa geti hapa Johannesburg, leo nalindwa mimi. Nimecheka peke yangu.

Bunduki yenyewe ya bei ya chini, ya kuwindia swala. Chuma kizuri. Kitako, ule mwili unaobeba chuma chote, ndicho balaa. Plastiki! Ukikibana kwa vidole kinapinda, kinausukuma mtutu. Mita mia, risasi tatu zinatawanyika upana wa sahani. Anataka cha mbao, nimemchagulia mninga.

Sijawahi kutengeneza kitako. Sikumwambia hilo. Alikiona kiti nilichojitengenezea pale getini, akauliza fundi ni nani. Nikasema mimi, seremala wa Kalemie kule Kongo, kabati zangu hazikuwa na msumari hata mmoja. Kweli tupu.

Jumanne, 25 Aprili
Geti. Baridi imeanza. Msimamizi kaniletea mkataba mpya, miaka miwili mingine. Mwisho wa kusaini 31 Mei. Nimeukunja, nimeutia mfukoni.

Mke wangu, Mama Neema, anasema saini, tusije tukalala njaa kwa ajili ya mbao. Hajakosea. Lakini Oom ana rafiki zake wawili wanaosubiri kuona chake. Kikitoka vizuri na wao wanataka, na mwenye karakana ninayochongea, mtaa wa La Rochelle, atanipa meza ya kudumu. Kikitoka vibaya, nasaini. Sitaki kusaini.

Jumamosi, 29 Aprili
Umeingia! Nilipaka mtutu masizi ya mshumaa, naulaza kwenye mfereji wa mbao, nautoa, palipochafuka nakwangua. Mara arobaini labda. Saa tisa alasiri mtutu umelala ndani ya mninga kama mtoto mgongoni. Hata karatasi ya sigara haipiti. Kiungo kama hicho marehemu baba, aliyenifundisha kazi, angekizunguka mara tatu bila kusema neno. Kwake hiyo ndiyo sifa.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, sikupanda teksi. Nilitaka watu wamwone mtu anayejua kazi. Hakuna aliyegeuka. Sawa tu.

Jumapili, 30 Aprili
Nimejisifu kanisani. Mama Neema kanikanyaga mguu. Nikaendelea.

Jumamosi, 6 Mei
Aibu.

Oom kanipeleka uwanja wa shabaha, nje ya mji. Sipendi ule mlio. Kalemie niliusikia wa kutosha, na sikuwa mimi niliyeshika bunduki. Nikasimama nyuma, mikono masikioni. Risasi ya kwanza, katikati kabisa! Nikaruka kama nimefunga goli. Ya pili juu. Ya tatu juu zaidi, kushoto. Kasubiri chuma kipoe, karudia. Vilevile. Moja nzuri, mbili za hovyo. Eish.

Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Alinieleza tu kwamba mtutu ukipata moto unataka nafasi, wangu hauna pa kwenda, mbao inausukuma. Karatasi inatakiwa ipite chini yake, kutoka mbele mpaka pale chuma kinapofungwa kwa skrubu. Nikamuuliza mbona hukuniambia? Alidhani najua. Si nilisema mimi fundi!

Jumatatu, 8 Mei
Hasira siku nzima. Gari linakuja nafungua, linapita nafunga. Nikikwangue kiungo kile? Kazi safi kuliko zote tangu nitoke kwetu! Baba angenizaba kofi.

Mama Neema kauliza kitu kimoja tu: unatengeneza bunduki au kabati?

Jumamosi, 13 Mei
Nimekwangua. Nilizungushia msasa kwenye bomba nene kidogo kuliko mtutu, nikausugua ule mfereji kuanzia mbele. Unga wa mninga mpaka kwenye kope. Roho imeniuma, sitadanganya. Nyuma, kwenye skrubu, sikugusa. Pale ndipo panapotakiwa kubana, na pale pamebana haswa.

Kupima kulihitaji karatasi. Gazeti jembamba, linachanika. Mfukoni mlikuwa na mkataba. Nikachana kipande cha pembeni, nikakipitisha. Kikakwama. Nikasugua tena, nikachana kingine. Kikakwama. Cha tatu kilipita moja kwa moja, na ndicho kilichokuwa na mstari wa saini. Oom kaona nilichochana, katoa macho. Nikamwambia sharp, Oom, mambo sawa, kunywa kahawa yako.

Mama Neema sijamwambia.

Jumamosi, 20 Mei
Ya kwanza katikati. Ya pili sikuiona, moyo ukanishuka. Kumbe imegusana na ya kwanza! Ya tatu ubavuni mwao. Oom kaweka kifuniko cha soda juu ya matundu, yakafichika yote matatu. Karudia bila kusubiri, mtutu moto haushikiki. Vilevile! Kanikumbatia mpaka kofia yake ikaanguka.

Mimi! Mtu wa geti! Kwa mikono hii! Na nimefaulu kwa kuiharibu kazi yangu nzuri kwa makusudi. Najivuna, acha nijivune.

Wale rafiki zake wamepiga simu tukiwa bado tumesimama kwenye robot, zile taa za barabarani, pale Rosettenville. Wote wawili wanataka vyao.

Jumatano, 31 Mei
Msimamizi kauliza mkataba uko wapi. Nimemwambia umechanika. Kasema atachapa mwingine. Nimemwambia asijisumbue.

Nimerudisha sare. Jana usiku nilimwambia Mama Neema yote; asubuhi aliipiga pasi mwenyewe, mpaka kola. Hapo nikajua amekubali. Neema kabandika ile karatasi ya shabaha ukutani, juu ya meza ya chakula.

Kiti changu nimekiacha getini. Nimekitikisa kidogo kabla ya kuondoka, viungo vyote vimekaza. Atakayekuja akikalie.