Kovu la Bibi na Mji wa Wainka

Jumapili, Mayfair. Jua linawaka lakini baridi haina adabu hata kidogo; ndivyo ulivyo mwezi wa saba hapa Johannesburg, unaota jua huku meno yanagongana. Leo nimefurahi na nimelia, vyote kabla ya adhuhuri.

Chanzo ni Machu Picchu.

Mwanangu Nasra, darasa la nane, amepewa kazi shuleni: achague mji wa kale na ugonjwa uliotikisa dunia, aeleze vilipokutana. Kachagua mji wa Wainka huko milimani Peru, na ndui. Wiki nzima nyumba hii haina habari nyingine. Nakanda unga wa chapati za oda, yeye ananisomea. Mwanzoni nilikuwa naitikia tu "ehee", ilimradi. Halafu nikanogewa.

Jamani, watu wale! Hawakuwa na chuma wala gurudumu, lakini walijenga mji mzima juu ya mlima, mawe yamechongwa yakashikana bila saruji, kuna kuta hata wembe haupenyi. Hesabu zao waliziweka kwenye kamba zenye mafundo. Na barabara sasa! Zinapanda milima, zinashuka mabonde, wakimbiaji wanapokezana habari kutoka upande mmoja wa himaya hadi mwingine. Mimi nikituma sambusa Soweto hapo tu, zinafika zimepoa.

Kisha Nasra akafika kwenye ndui, na sauti yake ikapungua. Ugonjwa uliletwa na Wahispania kutoka ng'ambo, ila uliwatangulia wao wenyewe. Wanahistoria wengi wanaamini ulipita njia zile zile nzuri, ukaua watu wasiohesabika, pengine na mfalme mwenyewe, kabla hata jeshi la wageni halijapanda milimani. Ule mji wa juu nao ukaachwa. Sababu hasa, wasomi bado wanabishana.

Nikaacha kukanda. Maana hata ile homa kubwa ya mwishoni mwa vita vya kwanza vya dunia ilifika nchi hii kwa meli, ikapanda treni mpaka migodini huku kwetu. Korona nayo ikaja kwa ndege. Siku zile tulijifungia humu ndani, msikiti kimya, maduka ya Wasomali yote yamefungwa, nikajua kwa mara ya kwanza kwamba Lushoto, alikobaki Mama, ni mbali. Niliogopa atakufa sijamwona. Hakufa, alhamdulillahi.

Lakini hofu haijaniisha, na leo naiandika wazi. Mama amezeeka, na Nasra hajawahi kuongea naye.

Wanasalimiana, ndiyo. Nasra kazaliwa hapa. Kiswahili anakielewa chote, ila kujibu anajibu kwa Kiingereza. Kila Jumapili tukipigiana simu mimi nakaa katikati natafsiri, kama zile taa za barabarani tunazoziita robot: wewe pita, wewe simama. Mama akiondoka kesho, mjukuu wake atakuwa amemjua kwa mdomo wangu tu. Hilo linaninyima raha.

Basi leo simu imeita mikono yangu imejaa unga na mafuta. Nikamwambia Nasra apokee, aweke sauti kubwa, nitatafsiri kutoka hapa jikoni. Mama akanisikia.

"Wewe pika chapati zako," akasema. "Mtoto ana mdomo."

Nasra akanitolea macho. Nikageukia kikaango.

"Shikamoo Bibi. Eish... mimi nasoma mji. Mji iko juu ya mlima. Watu analima kwa ngazi."

Nilijing'ata ulimi nisimsahihishe. Sijui nilipata wapi subira hiyo, maana mimi na kunyamaza hatujuani. Mama, mtu wa milima ya Usambara, hakucheka. "Hayo matuta, mjukuu wangu. Hata sisi tunalima hivyo." Nasra akalirudia lile neno, akachangamka, maneno yakaanza kutoka, mengine kichwa chini miguu juu, lakini yakatoka. Akamweleza habari ya ndui.

"Na wao nani aliwachanja?" Mama akauliza.

"Hakuna, Bibi. Chanjo ilikuwa haijakuja."

Nasra akaitazama picha ya Mama ukutani. Ndipo akauliza, "Bibi, ile kitu kwa mkono yako, ni ya ndui?"

Lile kovu nalijua tangu nina akili. Liko juu ya mkono wake, mviringo, kama mtu kabonyeza kidole gumba kwenye unga. Nimelala juu ya mkono ule miaka yote ya utoto wangu. Sikuwahi kuuliza.

Mama akasema alichanjwa akiwa mdogo, akilia, mama yake kamshikilia kwa nguvu, kwa sababu ndui ilikuwa imeshaingia nyumbani. Alikuwa na mdogo wake wa kike, Mwanaidi, walilala kitanda kimoja. Wachanjaji walipopanda kijijini kwao, Mwanaidi alikuwa ameshazikwa.

Kumbe nilikuwa na mama mdogo.

Chapati ikaungua, nikaiacha iungue. Nasra alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili. "Pole, Bibi," akasema. "Pole sana." Hakukosea hata herufi.

"Nimeshapoa, mjukuu wangu."

Nasra akamwambia kwamba watu wa milima ile hawakuisha. Wajukuu zao wapo, wanaongea Kikechua chao mpaka leo. Hata wageni wengine walipopanda miaka mingi baadaye wakatangaza wamegundua mji uliopotea, walikuta familia zinalima kwenye matuta yale yale. Mama akacheka mpaka akakohoa. "Umepoteaje na watu wanaupalilia?"

Mwisho Nasra akauliza, taratibu, kama anaomba kitu kikubwa, "Bibi, naweza kusema Mwanaidi shule?"

"Mtaje," Mama akasema. "Mtaje kwa sauti."

Nilitamani kuchukua simu niulize mimi pia, alikuwaje, alifanana na nani. Nikajizuia. Wale wawili walikuwa bado wanaongea.

Jumapili ijayo simu ikiita, nitakuwa na mikono kwenye unga. Hata kama hakuna oda.