Tuba Haigeuki Nyuma

Baba,

Nimepata fanfare, bendi ya kupiga maziko kama ile yako. Usifurahi haraka, ngoja kwanza nikueleze.

Tangu tukuzike, tuba yako, lile tarumbeta zito la shaba, ilikaa sebuleni imefunikwa kitenge. Mama aliigeuza mdomo wake utazame ukuta, akasema hataki kitu hicho kimwangalie anapokula. Mimi niliipangusa kila Jumapili, na nilipokuwa peke yangu niliipuliza kidogo. Lakini unajua mwenyewe tuba peke yake ikoje. Ni kama mzee anayekohoa chumba cha pili. Inataka trompeti mbele yake, inataka ngoma, ndipo na yenyewe ipate la kusema. Wenzako hawakukusanyika tena. Baada ya lile lori kukupitia, kila mtu alirudi kwake na chombo chake, na hakuna aliyethubutu kuwaita.

Basi nikaanza kutafuta wengine. Baba, mji wako umeharibika. Malori ya madini yaendayo mpakani yameingia mpaka njia za ndani, foleni inaanza asubuhi na haina mwisho, na wenye pikipiki wanapita palepale wanapopita watu wa miguu, bila aibu. Ukibeba tuba begani katikati ya hayo yote, madereva wanakupigia honi wakicheka, kana kwamba wanazungumza nayo. Mimi sikucheka.

Parokia ya kwanza walinitazama kuanzia miguuni, wakaniuliza kama sijui kuimba. Mwanamke na tuba, wapi na wapi. Kwingine walikuwa na sare nzuri za vifungo vinavyong'aa, ila wapulizaji walikuwa wawili tu, wote wa trompeti, nao wanagombania kukaa mbele. Ungecheka mpaka machozi yakutoke. Nilikuwa nimeshakata tamaa siku niliyopeleka sketi kwa fundi, mtaa wa Kamalondo, nikasikia nyuma ya vibanda vya mafundi watu wanapiga ule wimbo wa maziko uliokuwa ukiuimba puani ukinyoa ndevu. Waliupiga vizuri. Ila chini palikuwa patupu, hapakuwa na tuba.

Nilirudi kesho yake na chombo chako. Kiongozi wao, Papa Ferdinand, mzee mfupi wa saksafoni, hakuniuliza jina. Alitazama pale ubavuni tuba ilipobonyea ilipoanguka kwenye lami, akavua kofia. "Huyu ni mutoto ya Papa Ilunga," aliwaambia wenzake. Kisha akanionyesha mahali pangu. Safu ya mwisho, peke yangu.

Pembeni, kwenye kiti cha plastiki, alikaa mwanaume mwenye gongo anayeitwa Kasongo. Ndiye aliyewapigia tuba mpaka mvua zilizopita. Naye lori lilimgonga akiwa kwenye maziko, safu hiyohiyo. Alipona, ila nyonga haikurudi ilivyokuwa. Anakuja kila zoezi, hapigi chochote, anakaa tu ananitazama mgongo. Siku ya kwanza aliniambia, "Ile place, mama, haipendake bantu." Eti mahali pangu hapapendi watu.

Sheria yenyewe ulinifundisha wewe, uani kwetu, ukinishikia vidole juu ya vitufe. Jeneza linatangulia, familia inafuata, fanfare inafunga njia, na tuba ndiyo mlango. "Mu maziko tuba haigeukake nyuma. Ukigeuka, mufu anapita, anarudia kwake." Ulisema ukicheka, lakini barabarani hukuwa na utani. Nilikuona kwenye maziko mengi. Honi ilie, mbwa wabweke, mtu akuite kwa jina, hukugeuka hata mara moja.

Na siku ile ya lori, walivyotusimulia, honi ililia kwa muda mrefu. Breki zilikuwa zimemkatalia dereva, akafanya alichoweza, akapiga honi. Wenzako wa mbele waligeuka, wakarukia mtaroni, kwa sababu wao si mlango. Wewe uliendelea kutembea. Ulikuwa unamfungia njia marehemu wa watu, mtu ambaye hata jina lake hukulishika vizuri.

Nina hasira na wewe, Baba. Pale kaburini sikuweza kuisema, wacha niiseme hapa. Nina hasira, na bado nikisikia lango linalia jioni nadhani ni wewe.

Nilimwomba Papa Ferdinand aniruhusu nigeuke inapobidi. Alinijibu kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Alisema tuba ikigeuka mara moja tu, hakuna familia itakayotuita tena, na mimi atanitoa, hata kama ni mtoto wako.

Halafu Alhamisi iliyopita, katikati ya zoezi, lori likapiga honi huko barabarani, ndefu, nzito, sauti ileile ya chini kabisa ya tuba. Nyuma yangu palikuwa na ukuta wa matofali, hakuna gari ambalo lingepita hapo hata kwa dawa. Wengine wote wakaacha kupiga. Mimi niliendelea kupuliza. Nilitaka kugeuka, Baba. Niliiambia shingo igeuke, ikakataa. Papa Ferdinand aliridhika. "Sawa na baba yake," alisema, nao wakanipigia makofi. Kasongo hakupiga. Alikuwa anatazama gongo lake.

Jumamosi tunamzika bibi mmoja wa Pweto, kule ziwani, aliyekuwa akiuza samaki wakavu. Njia ni ileile yako.

Mama amejua. Alikuta kitenge kiko chini na tuba haipo. Hakulia, hakunikataza. Aliniuliza tu, "Na weye utakuwa nyuma?" Nikamwambia ndiyo. Tangu hapo lori likipita anaacha mwiko hewani mpaka sauti ipotee, ndipo anaendelea kukoroga unga wa bukari.

Sasa kila asubuhi tunafanya zoezi ambalo wewe hukunifundisha. Nasimama uani, tuba begani, napuliza wimbo wako. Mama anasimama nyuma yangu na sufuria, na wakati wowote anaotaka yeye, anaigonga. Nikisikia, nigeuke. Siku ya kwanza shingo ilikataa kabisa, na Mama akagonga mpaka majirani wakachungulia. Jana niliona bega langu. Leo nimemwona Mama.

Nakuahidi hivi. Jumamosi nitapuliza kama ulivyonifundisha, mpaka bibi wa watu afike kaburini. Lakini honi ikilia nitageuka. Papa Ferdinand anitoe. Fanfare niliyoitafuta mji mzima niikose. Bibi naye akitaka kupita kurudi nyumbani kwake, apite, atawakuta wajukuu zake.

Pumzika, Baba. Usingoje nikufuate upesi, Mama bado ana kazi na mimi. Na kama ni kweli wafu wanasimama nyuma ya tuba, na wewe ukawa hapo barabarani Jumamosi, najua nitatamani kukutazama sana. Kaa pembeni kidogo, nilione lori.

Mwanao,
Odette