Dobi Aliyefunga Duka Kila Jumanne

Mdogo wetu mpendwa, sheria yako ingali inafahamika nyumba nzima, hata kwa wageni: amwitaye mgonjwa kichaa, atapiga pasi kapu zima la nguo. Mwaka mmoja umetimia tangu moyo wako uliposimama, na sheria hiyo haijafutwa.

Ulikuwa dobi stadi. Kola uliyoinyoosha wewe ilitambulika kanisani hata kutoka benchi la nyuma.

Akili yako ilipougua, mimi kaka yako mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu, niliwaambia majirani kwamba umesafiri, kumbe umo katika chumba cha uani. Wateja walikuja kuzichukua nguo zao zingali mbichi kambani. Nawe, kwa kuogopa kuonekana, uliacha kliniki. Dawa zikakatika, usingizi ukakutoka, ukabaki mifupa mitupu. Daktari hakunificha: "Mzee, ugonjwa huu una dawa. Mnachomzidishia ni aibu."

Uliporudi kliniki ukapata nafuu, hukupitia mlango wa nyuma. Ulitundika kibao dukani: "Jumanne nimefunga. Niko kliniki ya wagonjwa wa akili."

"Dada, hata hilo nalo la kuandika?" aliuliza mke wa mwashi.

"Nikiandika nimekwenda sokoni, mtaniagiza vitunguu."

Wiki ya tatu alirudi, mikono mitupu, akanong'ona: "Jumanne unaondoka saa ngapi?" Mwaka uliofuata mlikuwa saba njiani, mkicheka kwa sauti hata nikawakemea kwa mazoea. Kamba zako zilijaa tena mpaka zikalegea.

Lakini siku moja mezani nilimwita fundi redio kwa neno lile, kwa kuwa alipita akizungumza peke yake.

"Kaka, kapu lile pale."

Nilijibu kwamba mwalimu mkuu hapigi pasi.

"Nitangoja," ulisema, ukaniongezea chai. Hukuwahi kuniona nikitimiza.

Jana nilipiga pasi mbele ya jamaa wote: mashuka manane, mashati kumi na moja, moja likiwa la fundi redio. Binti yako, ambaye naye hufunga duka kila Jumanne ili awasindikize wenzako, aliyakagua, akanirudishia mawili.

"Mjomba, kola."

Nikayarudia.

Tunakukumbuka sisi: binti yako, wajukuu wako, wifi yako, wenzako sita wa Jumanne, nami kaka yako. Hutatoka mioyoni mwetu kamwe.

Kapu ni tupu.