Tonge la Injini

Baba, shikamoo.

Nimeandika hivyo halafu nikainua kalamu nikasubiri, kama mtu aliyepiga hodi. Hukuitikia. Basi naendelea, maana nina habari ya injini, na habari ya injini sina mwingine wa kumpa.

Mama yuko ndani, bado anakaa eda. Hajambo kwa kadiri ya mtu aliyefiwa. Anakula kidogo, anasali, anagombana na jogoo wa jirani. Siku ya arobaini yako, watu walipokuwa wanatawanyika, alinishika mkono akaniambia kwamba akitoka eda hataki kupelekwa kwao Ujiji kwa gari la mtu. Atakwenda na Mgebuka, au atatembea kwa miguu. Unamjua. Nikamwambia sawa, Mama. Wakati huo Mgebuka, gari lako la kijivu ulilolibatiza jina la samaki, alikuwa uani boneti wazi, silinda hedi iko juu ya meza, na kamshafti mpya uliyoitia kwa mkono wako inatazama jua la Gungu.

Sikuwa nimegusa kitu tangu tukuzike. Ovaroli yako iko pale pale kwenye msumari. Nikifagia, naizunguka. Mpaka leo kwenye gari napita upande wa betri tu, ule upande mwingine ni wako. Mzee Bilali, mchomeleaji wetu wa jirani, aliapa amekusikia ukikohoa nyuma ya gereji saa za adhuhuri. Nikamcheka, nikamwambia ni jenereta lake linaomba plagi mpya. Halafu siku nilipoanza kazi nilijikuta nimenyoosha spana kushoto, kama nilivyozoea kukupa, na kwa kitambo kidogo ikawa nyepesi mkononi, kama kuna mtu ameishika upande wa pili. Sikumcheka tena.

Nakumbuka kamshafti ilivyofika na treni kutoka Dar, imeviringwa kwenye kipande cha blanketi. Ulikaa ukazipapasa zile nundu zake moja moja. Ulinieleza kwamba nundu hizi ni ndefu kuliko za zamani, zitafungua valvu zaidi na kuziacha wazi muda mrefu zaidi, injini ipate kuvuta pumzi ya kutosha. Mama akasema umezeeka sasa unatafuta makelele. Ukamjibu kwamba gari likipanda kutoka bandarini kwenda Mwanga linahema, na fundi hawezi kupanda na gari linalohema, watu wanaona. Mlicheka wote wawili. Mimi nilinuna kwa sababu nilijua nani atakayesugua gasketi.

Jioni ile ya mwisho uliipaka kamshafti mafuta mazito, ukaiingiza taratibu, ukafunga gia na cheni. Kisha ukaketi juu ya tairi, ukawa unakunja na kukunjua vidole vya mkono wa kushoto. Ukaniambia, "Usiwashe mpaka upime mwenyewe."

Nikasema, "Si umeshafunga wewe?"

"Ego, nimefunga. Lakini upime."

Alfajiri hukuamka. Wakasema ni presha, mshipa umepasuka kichwani. Sikulifikiria tena lile neno lako. Nililichukua kama somo, maana wewe hata chumvi ulikuwa unaifanyia somo.

Basi nikaanza kama ulivyonifundisha. Nikaenda jikoni kumwomba Mama tonge la ugali wa muhogo, gumu. Alikuwa ameinamia sufuria. Kumbuka alivyokuwa akikuambia, "Injini imeshakula, wewe bado!" Safari hii alilifinyanga tu, akanipa, akageukia moto. Nililibandika juu ya pistoni ya kwanza, linionyeshe nafasi iliyobaki kati yake na valvu, nikapaka oili kwenye valvu zisinate, nikashusha hedi na gasketi ya zamani, nikakaza, nikarudisha fimbo na roka zinazosukuma valvu. Nikatia spana kwenye boliti ya kranki, shafti inayopandisha pistoni, nikazungusha kwa mkono. Ikaja vizuri, vizuri, halafu ikawa nzito. Nikasukuma kidogo. Ikapita kwa shida.

Nilipofungua hedi, tonge lilikuwa limechanwa. Pale valvu ilipopita hapakubaki hata ugali wa kubandika kidole. Niliona chuma cha pistoni.

Fikiria, Baba. Ningepiga stata, valvu zingegonga pistoni na injini yako ingekufa siku hiyo hiyo. Ndipo nikaenda mbele, nikatafuta zile nukta mbili, moja kwenye gia ya kranki, nyingine kwenye gia ya kamshafti. Zinatakiwa zitazamane. Sikuwa nimezikagua kabla, kwa sababu nani katika mji huu anakagua nukta ulizopanga wewe? Zilikuwa zimepishana jino zima.

Nilikutetea kwanza. Nikasema labda umeitanguliza kamshafti makusudi. Lakini mtu hatangulizi jino zima, hata mlevi hafanyi hivyo. Nikasema labda cheni imeruka. Cheni mpya, imekazwa, itarukaje? Nikachukia. Nilikuchukia wewe, nikamchukia Bilali na kikohozi chake, nikafunga gereji mchana kweupe nikaenda Bangwe kukaa kwenye mawe kutazama maji. Huko ndiko nilikoanza kukumbuka. Ulivyokuwa unanipa rula nikusomee namba, ukasingizia miwani. Kikombe kilivyokuponyoka. Vidole ulivyovikunja na kuvikunjua juu ya tairi. Ulijua, Baba. Uliona mkono wako si wako tena, ukanyamaza, ukaniachia neno moja tu.

Nilirudi lakini sikuweza kufungua cheni. Ni ujinga, najua. Ila juu ya gia, kwenye grisi, alama ya kidole gumba chako ilikuwa bado imekaa, na lile kovu lako la panga linaonekana katikati. Ndiyo kazi yako ya mwisho. Ikiwa mbovu, ni ya mwisho. Nikiifungua, ni nani atakuwa amefunga injini hii? Siku nyingi nilikuwa naingia asubuhi, natazama kile kidole, nafunika kwa kitambaa, natoka kutengeneza bodaboda za watu.

Mama ndiye aliyenisukuma bila kujua. Alifua baibui atakalovaa kwenda Ujiji, akalianika uani karibu na gari.

Nikafungua. Niliishika gia pembeni, kwa ncha za vidole, nisikuguse. Lakini cheni ilipolegea ikaburuza grisi, na kidole chako kikafutika. Nililia kama mtoto, sikufichi.

Nikapanga nukta zikatazamana. Nikafunga kwenye kranki kile kifuniko cha sufuria ulichokichora nyuzi za duara kwa vifaa vyangu vya hesabu vya shule, nikakunja waya wa henga kuwa mshale, nikatafuta pale pistoni inapofika juu kabisa. Nikasimamisha saa ya kupimia mwendo wa valvu, nikazungusha, nikasoma valvu inapofikia kilele. Nikarudia, kwa sababu wewe usomaji mmoja ulikuwa unauita uvumi. Ilichelewa kidogo, nikaitanguliza nyuzi chache tu ianze kuvuta mapema, maana ulisema mwenye gari Kigoma ananunua milima, hanunui mbio.

Kisha nikarudi jikoni kuomba tonge la pili.

Mama akaniuliza, "La kwanza limefanya nini?"

"Nahakikisha tu."

Akanikazia macho. "Alikosea?"

"Hapana, Mama. Alifunga vizuri."

Alikata ugali, akaufinyanga muda mrefu kuliko inavyohitajika. Halafu akasema, bila kunitazama, "Wiki ile alitia chumvi kwenye chai. Akainywa yote. Nami nikanyamaza, nisimvunje moyo." Akanikabidhi tonge. Nikalibandika, nikazungusha kama mwanzo. Nilipofungua hedi safari hii, ugali ulikuwa umebaki mnene mahali pote.

Jana asubuhi niliwasha. Sikuiacha sailensa, ule mngurumo wa chini, niliishika juu kama ulivyosema kamshafti mpya inavyotaka, mpaka ikazoeana na vijiti vyake. Bilali alikuja, na vijana wa gereji ya barabarani, na Mama alisimama mlangoni na ushungi wake. Nilipoachia mguu, ikashuka, ikaanza kudunda kwa mapigo yasiyolingana, boneti ikatetemeka. Sauti ngeni kabisa. Baba, kwa sauti ile ya zamani tulikuwa tunakujua ukiwa bado uko mbali, na sasa haipo tena duniani. Mama akaisikiliza kichwa kimeinama. Akasema, "Ndiyo hii aliyokuwa anaitaka?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mwacheni basi apige kelele."

Vijana wakaniuliza nani ameseti taimingi ya valvu, mbona imekaa hivi. Mama alikuwa karibu. Hakunipa nafasi ya kufungua mdomo. "Baba yake," akawaambia.

Basi ndivyo itakavyokuwa. Kila atakayeuliza, mpaka meno yanitoke, nitamjibu kama Mama alivyojibu. Na nitapima, Baba. Hata iliyofungwa na mkono wangu mwenyewe nitaipima, na siku mkono wangu ukianza kunidanganya nitamwambia mtu, sitanyamaza kama wewe.

Pumzika sasa, usikohoe tena nyuma ya gereji. Lile jino limekaa mahali pake, na tunaolijua ni sisi watatu tu.

Binti yako.